Kilichobaki Kwenye Bomba la Zamani

Jioni ile ilikuwa kazi ndogo tu, ya kumalizia. Mafundi wawili, kaka na mdogo wake, walikuwa wameshinda siku kadhaa katika nyumba ile kuukuu wakipitisha bomba jipya la plastiki kwa nje ya ukuta, kutoka getini mpaka jikoni, bafuni na nyuma ya nyumba. Lile la chuma, lililozikwa chini ya sakafu tangu nyumba ijengwe, liachwe na kutu yake. Lilibaki jambo moja: kuhamisha maji kutoka bomba la zamani kwenda jipya. Na maji ya mtaa ule hutoka jioni, tena kwa kujivutavuta, kwa hiyo ilibidi wangoje jua lizame.

Kaka mtu walimwita Sikio. Si kwa ukubwa wa masikio, hapana. Alikuwa anaweka ncha ya bisibisi ukutani, mpini kwenye sikio lake, anafumba macho, halafu anakuonyesha kwa kidole: bomba limepita hapa, limekata kona pale, na hapa ndipo linapovuja. Hakuwa anakosea. Mkewe alimkimbia, akawaambia watu kwamba hawezi kuishi na mwanaume anayesikia mpaka mtu anavyomeza mate.

Mdogo mtu walimwita Redio, na hilo sidhani kama linahitaji maelezo. Alikuwa anaongea na wateja, anaongea na paka wa wateja, asipopata mtu anaongea na koki. Alikuwa na mke mcheshi kama yeye mwenyewe, na nyumba yao na ya Sikio ziligawana ukuta mmoja.

Ukuta huo muukumbuke, jamani.

Utotoni Redio alikuwa mwoga wa giza. Kila akienda kulala alikuwa anagonga ukuta wa chumba cha kaka yake: ko-ko… ko. Mbili za haraka, kimya kidogo, halafu moja. Maana yake, kaka, upo? Na kaka mtu alijibu vilevile: nipo, lala. Wakakua, wakaota ndevu, Redio akaoa, na bado kila siku kabla ya kulala aligonga ukuta na kaka yake akajibu. Mkewe aliwacheka mpaka akachoka, akaacha.

Mtindo huohuo waliuingiza kazini. Mmoja akiwa kwenye koki, mwenzake upande wa pili wa nyumba, hawakuitana kwa makelele kama wapiga debe. Waligonga bomba. Moja, funga. Mbili, fungua. Na sharti la kazi lilikuwa moja: ukisikia, unatii. Huanzi kuulizauliza, kwa sababu mwenzako ndiye anayeona kilichoko huko aliko.

Mwenye nyumba alikuwa mama mtu mzima, mpole, mwenye sauti ndogo, mkarimu wa chai. Siku ya kwanza tu alikaa kwenye kigoda akiwatazama wakigongeana, akauliza, "Wanangu, mkigonga hivyo mnaambiana nini?"

Sikio alinyamaza. Redio je, angenyamaza?

"Moja funga, mama, mbili fungua! Hata wewe ukitaka kazi tunakuajiri."

Mama akacheka. Akachukua kijiko, akagonga sinia ya chai taratibu. Ko-ko.

"Hivi?"

"Hapohapo, mama! Umeshafuzu."

Wakacheka wote watatu.

Sebuleni kwake kulikuwa na picha ya kijana mmoja aliyevaa shati la mikono mirefu, vifungo vimefungwa mpaka shingoni. Redio akauliza ni nani. Mama akasema, "Mwanangu. Alikuwa rika lako. Aliingia kuoga."

Wakangoja amalizie. Hakumalizia. Na Redio, yule Redio asiyeishiwa, akainama kuokota spana ambayo wala haikuwa imeanguka.

Basi, turudi kwenye jioni yenyewe. Nyuma ya nyumba kulikuwa na tangi la chini, limejengwa kwa zege, lenye mdomo wa kuingia mtu mmoja. Lilikuwa limekaushwa tangu asubuhi. Redio alitakiwa aingie ndani, azibe tundu la bomba la zamani, afunge kiungo cha bomba jipya, kisha atoke. Akishatoka, na si kabla, angegonga mara mbili, na Sikio aliyekuwa getini angefungulia maji. Kati yao kulikuwa na nyumba nzima, na chini ya sakafu yake bomba la zamani, lililopita chini ya chumba cha nyuma kabla ya kufika kwenye tangi.

"Usilale kwenye koki, mzee," Redio alisema akiingiza miguu kwenye mdomo wa tangi.

"Na wewe usiimbe. Unaharibu maji."

Ndiyo maneno ya mwisho waliyoambiana. Utani.

Sikio akachuchumaa getini, mkono kwenye koki. Mwanga ulikuwa unapungua. Kupitia kwenye chuma aliweza kumsikia mdogo wake akiimba ndani ya tangi, sauti mbaya kama kawaida, akatabasamu peke yake.

Kisha wimbo ukakatika.

Kwenye koki ile kukaanza kutoka harufu. Kutu, ndiyo, kutu aliizoea. Lakini ndani ya kutu kulikuwa na harufu ya sabuni. Sabuni ya kuogea, mpya, kama mtu ametoka bafuni sasa hivi.

Ko-ko.

Sikio akainua kichwa. Redio alikuwa anagonga kwa nguvu, kama anadai kitu. Huu mlio ulikuwa laini. Tena ulikuwa karibu, haukutoka nyuma ya nyumba. Sikio lake liliyajua yote hayo, lilimwambia kabisa, wala tusilisingizie. Lakini mkono wa fundi umezoea kutii. Kabla hajamaliza kufikiri, mkono ulishafungua koki mpaka mwisho.

Maji yakaenda kwa kishindo.

Ko.

Moja. Funga!

Ko! Ko! Ko! Ko!

Sasa huyo ndiye Redio, huo ndio mkono wake. Sikio akaikamata koki kwa mikono miwili, akazungusha. Ikazunguka bure. Akazungusha tena, ikazunguka bure, kama kifuniko cha chupa kilichokufa meno. Akaiacha, akakimbia, akakata ndani ya nyumba kufupisha njia.

Mlango wa chumba cha nyuma ulikuwa wazi. Mama mwenye nyumba alikuwa amepiga magoti mbele ya bomba la zamani lililochomoza chini ya ukuta. Mkononi ana kijiko. Midomo yake imekaribia chuma.

"Taratibu, mwanangu," alikuwa ananong'ona. "Taratibu… taratibu…"

Sikio hakusimama. Alifika kwenye tangi, akapiga magoti, akachungulia. Maji yalikuwa yamejaa mpaka kwenye mdomo, meusi, yametulia. Tangi lile linachukua usiku mzima kujaa. Akatumbukiza mkono mpaka begani, akapapasa, akaita jina la utotoni la mdogo wake, lile ambalo hakuna mwingine aliyelijua.

Halafu mkono ukatoka majini, ukashika ukingo.

Redio akajitoa mwenyewe, polepole. Hakukohoa wala kutema maji. Sikio akamrukia, akamkumbatia, analia, anatukana. "Mshenzi wewe! Mshenzi mkubwa! Nilijua nimekuua!"

"Sijambo," Redio alisema.

Neno moja. Redio!

Alikuwa wa baridi, na nywele zake zilinukia sabuni. Alimtazama Sikio kama mtu anavyotazama mlango wa ofisi asiyoijua, akitafuta pameandikwa nini. Na mama mwenye nyumba alikuwa ameshafika, ana taulo na nguo kavu zimekunjwa vizuri. Shati lilimkaa Redio kama limekatwa kwake. Alilifunga vifungo mwenyewe, kimoja kimoja, mpaka shingoni.

"Nimalizie leoleo, fundi," mama alisema. "Lile la zamani lizibe ncha zote mbili, na simenti juu yake. Sitaki kulisikia tena."

Sikio alitaka kwenda nyumbani. Lakini mdogo wake alikuwa mzima, amesimama pale, na mtu aliyenusurika msiba hukubali lolote. Alirudi kwenye koki, nayo ikakubali kufunga kwa vidole viwili tu, kama haikuwa na tatizo maishani mwake. Akaziba ncha ya nyuma, pale lilipochomoza chumbani. Akaziba ya getini. Akachanganya simenti, akaanza kuisambaza kwa mwiko.

Ko-ko… ko.

Chini ya mwiko.

Mkono ukasimama. Akageuka. Redio alikuwa nyuma yake, mikono imening'inia, hajagusa kitu.

"Umesikia?" Sikio alinong'ona.

"Hapana."

Hewa, Sikio alijiambia. Hewa imebaki ndani. Na kweli hewa hugonga kwenye mabomba, fundi yeyote atakuambia. Lakini hewa hugonga ovyo. Haigongi mara mbili, ikangoja, ikagonga tena. Hilo alilijua, akaamua kutolijua, kwa sababu mdogo wake alikuwa hapo nyuma yake, na kama yuko hapo nyuma, huko ndani kuna nini?

Ko-ko… ko.

Akaweka simenti. Akaisawazisha, akailainisha kama alivyopenda kazi zake zionekane, mpaka hakukusikika kitu.

Kwa mkono wake mwenyewe.

Walirudi nyumbani bila kuongea. Shemeji yake aliwapokea na mzaha, akataka kujua shati hilo la bwana harusi limetoka wapi, akajibiwa, "Nimepewa." Wakala. Kisha kila mtu akaenda kwake, na Sikio akakaa kitandani akiungojea ukuta.

Ukuta haukugonga.

Akangoja. Akasikia kitanda cha upande wa pili kikilia. Mwisho akaona isiwe tabu, akagonga mwenyewe. Ko-ko… ko.

Hakuna jibu. Akasikia sauti ya shemeji yake, yenye usingizi: "Mume wangu, kaka yako anakugongea."

Na sauti ya mdogo wake: "Ananigongea kwa nini?"

Sikio hakulala. Kulipopambazuka tu mlango wake ukakwaruzwa, na shemeji yake akaingia amejifunga kanga mpaka kichwani, macho mekundu.

"Shemeji," alinong'ona, "mume wa mtu anaweza kubadilika kwa siku moja?"

"Amefanya nini?"

"Amelala macho wazi. Nimekaa nikimwangalia, hapepesi. Na mto umelowa, shemeji, maji yenye kutu." Akachungulia mlangoni. "Halafu… ameniuliza jina langu. Nikashtuka, akacheka, akasema anatania. Mimi utani wa mume wangu naujua. Ule si wake."

Sikio alichukua nyundo na patasi. Hakuvaa hata viatu.

Geti la nyumba ile lilikuwa wazi. Simenti yake ya jana ilikuwa imevunjwavunjwa. Alipoingia ndani, sakafu nzima ilikuwa imechimbwa mtaro, kutoka mlangoni mpaka chumba cha nyuma, na mtaro ulikuwa mtupu. Mama mwenye nyumba alikaa kwenye kigoda chake pembeni, anakunywa chai.

"Umechelewa kidogo tu," alisema. "Vijana wa chuma chakavu wamechimba usiku kucha, wamelichomoa alfajiri."

"Mdogo wangu yuko wapi?"

"Yuko kwako. Si ulimkumbatia?"

"Mama, nakuuliza kwa heshima. Mdogo wangu yuko wapi?"

Mama akaweka kikombe chini. Alizungumza kwa sauti yake ileile ya kumkaribisha mtu chai. "Mafundi wengi wamepita hapa. Kila mmoja peke yake. Niliwapa chai wakaenda zao. Wa ndani hatoki mpaka mwingine aingie, na anayeingia lazima afunguliwe na mtu anayempenda. Mimi nimeingoja jozi inayopendana mpaka nimezeeka. Mlipoanza kugongeana siku ile, nililia machozi. Hukuniona?"

Sikio akainua nyundo. Aliiinua kweli, si kutisha.

"Nipige," mama alisema. "Lakini mwanangu atapata habari. Na analala ukuta mmoja na wewe, pamoja na mkwe wangu." Akatabasamu. "Mkwe wangu. Nilikuwa nataka nimtoe tu, jamani, mimi mke ningempatia wapi? Nyinyi mmempa na mke."

Nyundo ikashuka yenyewe. Sikio akatoka anakimbia.

Yadi ya chuma chakavu ilikuwa mtaa wa pili. Aliisikia kabla hajaiona, mashine ya kukatia chuma ikipiga kelele za kupasua kichwa. Alipoingia, kijana aliyeshika mashine aliizima, akavua miwani.

"Bomba la nyumba ya yule mama liko wapi?"

"Lile refu? Tumeshalikata. Lori halipakii bomba refu hivyo." Akaonyesha. "Vingine vimepakiwa, vingine hivyo hapo."

Rundo la vipande, kila kimoja urefu wa mkono. Sikio akapiga magoti. Akakiinua cha kwanza, akakiweka sikioni. Kimya. Cha pili, kimya. Akavitupa kushoto, akachukua vingine, huku wapakiaji wakicheka. "Mzee, unapiga simu?" Yeye hakuwasikia. Sikio hakuwasikia, hebu fikiria.

Kipande kimoja kilikuwa cha baridi kuliko vingine.

Akakiweka sikioni.

Ko-ko…

Machozi yakamtoka. Akangoja ile ya tatu. Akabana pumzi. Akangoja.

Haikuja.

Nyuma yake lori likawaka. Likajivuta, likatoka getini na mzigo wake, kuelekea kwenye tanuru la kuyeyushia. Na lilipopita karibu yake, chini ya turubai, kati ya vyuma vingi vinavyogongana, sikio lake likaipata. Moja. Peke yake. Imechelewa.

Ko.

Alilikimbilia mpaka miguu ikachanika. Watu walimpisha njia wakidhani ni mwizi au mwendawazimu. Lori halikusimama.

Tangu siku hiyo Sikio hakai mbali na kile kipande. Jioni anakaa kizingitini kwake, kipande mapajani. Kiko wazi pande zote mbili, ukichungulia huku unaona mtaa kule, hamna kitu ndani. Lakini mwanga ukipungua kinaanza. Ko-ko… Fungua. Afungue nini, ndugu zangu, na kiko wazi? Na kwa kuwa haivumilii ile mbili iliyokatwa, Sikio huimalizia mwenyewe kwa ukucha wa kidole gumba. Ko. Ko-ko… ko. Upo? Nipo, mdogo wangu. Lala.

Shemeji yake aliacha kulalamika. Alisema nani angemwamini? Uso ni wa mumewe, kovu la goti ni la mumewe. Alikonda, akawa haongei, na anayemwona kisimani anasema ananukia sabuni. Mara moja alimwuliza Sikio, kwa kunong'ona, kama kile kipande kinasema lolote kumhusu yeye. Sikio akamdanganya kwamba ndiyo.

Juzi jioni yule wa upande wa pili alitoka akaja kukaa naye kizingitini. Shati mpaka shingoni. Alikuwa hajawahi kukaa hapo.

Ko-ko…, kipande kikaanza.

Sikio akainua kidole gumba. Kabla hakijagusa chuma, mwenzake akanyoosha mkono, akagonga mlango kwa kifundo cha kidole.

Ko.

Mahali pake kabisa. Kwa nguvu, kama mtu anayedai kitu.

"Nimejifunza, kaka," alisema. Akatabasamu, tabasamu la Redio, mpaka pengo la jino. "Si ndivyo ulivyokuwa unataka?"

Akaondoka zake kulala. Sikio akakibana kipande kifuani. Akangoja. Akakigonga kwa ukucha, akakigonga kwa spana, akakitikisa, akakibembeleza kwa lile jina la utotoni. Kikawa chuma. Chuma tu, kama vile vingine alivyovitupa kushoto.

Aliingia ndani, akajilaza na kipande chake, bila kuzima taa. Upande wa pili kitanda kikalia.

Halafu, ukutani.

Ko-ko… ko.

Upo, kaka?

Sikio akaziba masikio kwa viganja. Akang'ata shuka. Ukuta ukangoja kidogo, kwa subira, ukagonga tena, na tena, kwa mlio uleule wa utotoni usio na kasoro hata kidogo.

Na mkono wake, ule mkono wa fundi uliozoea kutii, ukatoka sikioni wenyewe, ukaenda ukutani, ukajibu.